Haki ya Kuchoka katika Nchi ya Chai

Mgonjwa anayezidiwa Kimulot, kule Konoin katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, ambako chai inakutana na msitu wa Mau, hupelekwa Tenwek au Longisa, au huvushwa upande wa Kericho hadi Kapkatet, Litein au hospitali ya rufaa ya mjini. Kila njia inapita kwenye chai, ya wakulima wadogo kwanza, kisha ya kampuni kubwa. Kwa takriban miaka mia moja zahanati, misheni na kampuni za chai zimekua pamoja katika vilima hivi, na historia yao imesimuliwa kwa namna nyingi: historia ya ardhi iliyochukuliwa, ya dini iliyoletwa, ya malaria iliyopanda milimani, ya faida iliyosafirishwa ng'ambo. Waliofunga vidonda, waliokesha wodini na waliozalisha kina mama wanaonekana pembeni tu ya masimulizi hayo, kama vile kitanda na sindano vinavyoonekana. Siku hizi tunapozungumzia afya ya mwili na akili ya wauguzi, matabibu na madaktari, tunazungumza kana kwamba ni wazo jipya lililofika juzi pamoja na warsha na mabango. Historia ya nchi ya chai inakataa. Kumtunza anayetumika hadi achoke kulijulikana hapa tangu mwanzo, kukawekewa kanuni na kukatengewa fedha. Swali lililoamua kila kitu lilikuwa ni nani anayehesabiwa kuwa na mwili unaochoka na akili inayolemewa, na jibu la swali hilo, lililotolewa katika miaka ya 1920, bado limo ndani ya ratiba za zamu za leo.

Ushahidi wa kwanza umo kwenye udongo wenyewe. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 karibu na Kericho, katika ardhi ya Wakipsigis, ikawapa maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mradi huo, uliofahamika kwa kifupi kama BEADOC, ulikusudia walime kitani na wapate nafuu katika hewa ya milimani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa ndani ya miaka michache, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaishia mikononi mwa kampuni za chai, Brooke Bond na kampuni ya James Finlay. Kisa hiki husimuliwa kama utangulizi wa biashara ya chai, na ni sahihi kukisimulia hivyo, lakini pia ni kisa cha tiba. Dola iliamini kwamba mtu aliyetumikia hadi akaharibika anadaiwa fidia, na fidia hiyo ikapimwa kwa ekari. Katika vita hivyo hivyo, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na vijana wa Kiafrika walifundishwa haraka haraka kuwauguza. Kwa vijana hao hakukuwa na makazi ya mapumziko milimani. Milima ya mapumziko ilikuwa tayari imegawiwa, na wengi waliokuwa wakiishi humo waligeuzwa maskwota au wakasukumwa ndani ya reserve, ardhi iliyotengewa Waafrika.

Ushahidi wa pili ni likizo. Daktari au sista wa Kizungu katika utumishi wa kikoloni Kenya alifanya kazi kwa kipindi kisichozidi sana miaka miwili na nusu, kisha alirudi kwao kwa miezi kadhaa, nauli ya meli ikilipwa na serikali na mshahara ukiendelea. Utaratibu huo ulisimama juu ya nadharia ya kitabibu. Waganga wa Kizungu wa zama zile waliamini kuna maradhi ya mishipa ya fahamu yanayowapata weupe katika nchi za joto: uchovu usioisha, kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau, machozi yasiyo na sababu. Waliyaita neurasthenia ya tropiki, wakayahusisha na miale ya jua, mwinuko wa nchi na upweke. Mwanahistoria Anna Crozier, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Anna Greenwood, ameonyesha jinsi utambuzi huo ulivyotumika sana katika Afrika Mashariki ya Waingereza, na jinsi ulivyokuwa pia chombo cha utawala: ulimwezesha mkubwa wa kazi kumrudisha nyumbani mtumishi aliyeyumba bila kumfedhehesha. Maradhi yaliaminika kuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyefanya kazi katika wodi ile ile, kwenye mwinuko ule ule na chini ya jua lile lile, alitazamwa kama mtu aliyeumbwa kwa ajili ya hali hiyo. Daktari wa Kihindi, aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya hospitali za serikali hadi miaka ya 1930, aliwekwa kati yao kwa mshahara, kwa nyumba na kwa likizo.

Mtu aliyekuwa chini kabisa katika ngazi hiyo aliitwa dresa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, Mabaraza ya Wenyeji yalipoundwa katika wilaya, likiwemo la Kericho, kodi za wananchi zilianza kujenga zahanati ndani ya reserve, na dresa ndiye aliyewekwa ndani. Mafunzo rasmi ya wasaidizi wa hospitali yalianza Nairobi mwaka 1927, katika chuo kilichokuja kuwa KMTC, chuo cha taifa cha mafunzo ya tiba, lakini wengi walijifunza kazi kwa kuitazama. Dresa alidunga sindano za buba, alisafisha vidonda, aligawa kwinini, aliandika daftari, alitunza akiba ya dawa na kutatua ugomvi wa foleni, huku daktari wa wilaya akipita kwa nadra. Alikuwa peke yake kwa maana kamili ya neno hilo. Mshahara ulifuata rangi hata pale kazi zilipofanana. Tume ya Holmes ya 1948 iliuacha uendelee utaratibu wa kumlipa Mwafrika tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu katika nafasi inayolingana, na ilibidi tume ya Lidbury ya 1954 ifike ndipo msingi huo wa rangi uondolewe kwenye maandishi. Mshahara, nyumba na likizo ndivyo vinavyolinda afya ya mtu kazini kabla mshauri nasaha hajaitwa. Kwa dresa vyote vitatu vilikatwa, kisha uvumilivu wake ukasifiwa kama tabia ya kuzaliwa.

Sifa hiyo ilipewa sura ya sayansi. Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, ilisimamiwa kuanzia 1938 hadi 1950 na daktari J. C. Carothers. Kutokana na wagonjwa aliowaona huko alitoa hukumu juu ya bara zima. Katika makala ya 1951 alilinganisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai, pamoja na mengine, kwamba huzuni kali ni nadra kwa Waafrika kwa sababu hawabebi mzigo wa wajibu binafsi kama Wazungu. Madai hayo yalipingwa mapema. Daktari Margaret Field, katika utafiti wake wa vijijini Ghana uliochapishwa 1960, alikuta huzuni ya kiwango cha ugonjwa ni jambo la kawaida, hasa kwa wanawake waliokwenda kwenye madhabahu kujishutumu. Wanawake hao hawakuwahi kufika kwenye hospitali ya wendawazimu, na kwa hiyo hawakuwahi kuingia kwenye hesabu za mtu kama Carothers. Lakini hebu tufikirie maana ya madai yake ndani ya hospitali za wilaya. Ikiwa Mwafrika hana wajibu binafsi unaomlemea, basi dresa aliyempoteza mama na mtoto usiku mmoja hakupoteza chochote. Ataamka asubuhi afungue dirisha la dawa. Hakuna mkubwa wa kazi aliyehitaji kumuuliza amelalaje.

Msomaji makini anaweza kunigeuzia hoja hii. Kama neurasthenia ya tropiki ilikuwa uzushi wa wakoloni, ugonjwa uliobuniwa ili mtu mweupe apate safari ya kwao, je, uchovu wa kazi unaozungumzwa leo si uzushi wa aina hiyo hiyo, jina la kigeni kwa ugumu wa kawaida wa maisha? Pingamizi hili lina uzito, nami nakubali nusu yake. Nadharia ya miale ya jua ilikuwa ya uongo, na matumizi yake yalikuwa ya kibaguzi. Hata hivyo, dalili hazikuwa za uongo. Watu waliokaa miezi mingi mbali na jamaa zao, wakibeba maamuzi ya uhai na kifo bila wa kushauriana naye, kweli walikosa usingizi na kweli walikosea dozi. Dawa waliyopewa, yaani mapumziko yenye mshahara na mtu wa kushika nafasi yao, ilikuwa sahihi ingawa maelezo yake yalikuwa mabovu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuandika uchovu wa kazi katika orodha yake ya kumi na moja ya magonjwa, na likawa makini kuueleza kama hali inayotokana na kazi, wala halikuuita ugonjwa wa mtu. Ufafanuzi huo unautoa uchovu kwenye damu ya rangi fulani na kuurudisha mahali ulipokuwa siku zote: kwenye saa za kazi, kwenye idadi ya wagonjwa, kwenye upweke wa zamu. Kosa la wakoloni lilikuwa kuwanyima wengine kile walichojua wao wenyewe wanakihitaji.

Pingamizi la pili linatoka kwenye misheni, na katika nchi ya Wakipsigis lina nguvu kuliko mahali pengi. Litein ilikuwa kituo cha wamisionari wa Africa Inland Mission katika miaka ile ile ya 1920 ambayo chai ilianza kupandwa. Tenwek ilifungua zahanati mwaka 1937 chini ya World Gospel Mission, ikaendeshwa na wauguzi kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kumpata daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, mwaka 1959. Steury alikuwa daktari pekee kwa miaka mingi ya mwanzo, katika eneo lenye mamia ya maelfu ya watu. Wakazi wa Bomet wanamkumbuka kwa heshima, na wana sababu. Hoja inayojengwa juu ya watu kama yeye ni kwamba uuguzi ni wito, na mwenye wito hahesabu saa. Lakini angalia jinsi misheni zenyewe zilivyowatunza watu wao. Mmisionari alikuwa na likizo ndefu ya kwao baada ya kila miaka michache. Alikuwa na makanisa yaliyomwombea kwa jina na kumwandikia barua, nyumba ndani ya kituo, shule ya bweni kwa watoto wake, na wenzake wa kusali naye jioni. Walioamini zaidi katika wito ndio waliojenga mfumo kamili zaidi wa kumtegemeza aliyeitwa. Walijua wito unachosha. Tunapowahubiria wauguzi wa Kenya kujitoa, tunachukua nusu ya urithi wa misheni na kuiacha nusu iliyouwezesha.

Tenwek yenyewe ilijifunza kwa vitendo kwamba hospitali haiwezi kuegemea mwili wa mtu mmoja. Mwaka 1987 ilianza kupata umeme wa mtambo wa maji kwenye maporomoko ya jirani, na mwaka huo huo ikafungua shule ya uuguzi. Mambo haya mawili hutajwa kama maendeleo ya hospitali. Naona yatajwe pia kama hatua za kumpunguzia mhudumu mzigo. Taa isiyozimika katikati ya upasuaji ni nafuu kwa aliyeshika kisu, na kila darasa linalohitimu ni usingizi kwa walio kwenye zamu.

Kampuni za chai zina somo lao, na ni somo kavu zaidi. Katika miaka ya 1920 hadi ya 1940 Kericho ilipigwa na milipuko ya malaria iliyowaangusha vibarua kwa wingi, kwa kuwa watu wa milimani hawakuwa na kinga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni zilianza kuwapa wafanyakazi proguanil, dawa ya kuzuia malaria, kwa utaratibu na kupambana na mbu, na milipuko ikafifia kwa miaka mingi. Hesabu ilikuwa rahisi: mgonjwa hachumi chai. Kila mwajiri wa nchi ya chai amejua tangu wakati huo kwamba kumkinga mfanyakazi ni nafuu kuliko kumbadilisha. Malaria iliporudi kwa nguvu katika miaka ya 1980 na 1990, hospitali kuu ya Brooke Bond pale Kericho ilijaa katikati ya kila mwaka, baada ya mvua za masika. Kumbukumbu zake za kulaza wagonjwa, zinazoanzia 1966, zimekuwa miongoni mwa takwimu zinazojadiliwa zaidi duniani kuhusu malaria ya nyanda za juu. Watafiti wamebishana kwa miaka kama chanzo cha kurudi kwake kilikuwa ongezeko la joto au klorokwini iliyopoteza nguvu. Ni mjadala muhimu. Hata hivyo, kila nukta katika grafu zile ni mtu aliyepokewa, akapimwa damu, akatundikiwa dripu na kuandikwa daftarini na mkono fulani. Makala zinatueleza mvua ya kila mwezi na joto la kila mwezi. Hazituelezi wodi ilikuwa na wauguzi wangapi mwezi wa Juni, au wangapi kati yao walikuwa na malaria wenyewe, ingawa nao waliishi kwenye mwinuko ule ule. Sayansi bora kabisa iliyotoka katika nchi ya chai ilirithi upofu wa dola iliyoitangulia.

Sehemu kubwa ya lawama iko upande wa serikali, na hapa historia inakuwa ya kuchosha kwa namna yake, kwa sababu inajirudia. Mhudumu wa afya wa vijijini amebadilishiwa bwana mara kwa mara bila kuulizwa. Aliajiriwa na Baraza la Wenyeji, kisha na baraza la kaunti baada ya uhuru. Mwaka 1970 serikali kuu ikayapokonya mabaraza ya kaunti huduma za afya pamoja na elimu ya msingi na barabara. Mwaka 2013 ugatuzi ukamrudisha kwa kaunti, na katika kaunti nyingi mabadiliko hayo yakaja na mishahara iliyochelewa na vyeo vilivyokwama. Wakati huo huo mzigo uliongezwa kwa tangazo. Mwaka 1965 serikali ya uhuru ilifuta ada ya wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1989 ada ilirudishwa chini ya shinikizo la wakopeshaji, na katika miaka ya 1990 ajira mpya serikalini zikafungwa, hata ikafika hali ya ajabu ambapo maelfu ya wauguzi waliohitimu walikaa nyumbani huku vituo vikikosa wauguzi. UKIMWI uliongeza vifo wodini na hofu ya kudungwa sindano. Juni 2013 huduma za uzazi zikawa bure katika hospitali za umma, na ada zikaondolewa katika zahanati na vituo vya afya. Naunga mkono kila tangazo lililomfungulia maskini mlango, la 1965 na la 2013. Ninachosema ni kwamba kila mara mlango ulipofunguliwa, aliyesimama nyuma yake alikuwa mmoja yule yule. Fedha za ahadi zilitoka katika usingizi wake.

Zaidi ya hayo kulikuwa na hofu ya mwili. Vurugu za kikabila za 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziligusa Kericho, Londiani, Sondu na mpaka wa Sotik na Borabu, na wafanyakazi wengi wa mashamba waliotoka jamii nyingine walikimbia. Hospitali za eneo hili zinaajiri watu wa kila kabila. Muuguzi alimfunga jeraha mtu wa jamii iliyomfukuza ndugu yake, au alifungasha mizigo na kuacha zamu kwa aliyebaki, naye aliyebaki akafanya kazi za watu wawili huku akiwa na majina ya wenzake moyoni. Mambo haya hayakuwekewa utaratibu wa kuyasema, na aliyeyapitia yale ya 2007 akiwa na miaka thelathini huenda bado yuko kazini leo.

Wahudumu wenyewe walilijibu jambo hili kwa lugha waliyobakiwa nayo. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi walifuata mwezi Juni na wakakaa nje takriban siku 150. Mwishoni mwa 2020, katikati ya janga la korona, mgomo mwingine ulizuka baada ya kifo cha daktari kijana Stephen Mogusu, aliyekuwa na miaka 28, aliyekufa kwa ugonjwa huo akiwa anadai mishahara ya miezi kadhaa na hana bima ya matibabu. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, na suala la wanagenzi wao lilikuwa kiini cha mvutano. Magazeti yaliiandika migomo hii kama ugomvi wa mishahara. Mishahara ilikuwemo, lakini orodha za madai zilikuwa na idadi ya watumishi, bima, vifaa vya kujikinga na nafasi ya kusoma. Ukiziweka mbele ya masharti aliyopewa sista wa Kizungu mwaka 1925, utakuta madai ya kizazi chetu ni ya kawaida sana. Wanaomba kilichokuwepo tangu mwanzo, wakiwa wamechelewa karne moja.

Hapa hutokea pingamizi zito kuliko yote: kaunti ni maskini, na shilingi ya kumpumzisha muuguzi ni shilingi inayomkosesha mgonjwa dawa. Nisingependa kulipuuza, kwa sababu mama wa Kimulot anayekosa dawa hawezi kufarijiwa na likizo ya mtu mwingine. Ila pingamizi hili linadhani kwamba uchovu ni bure, na siku 250 za migomo ndani ya mwaka mmoja zinaonyesha gharama yake ilivyokuwa kwa wagonjwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za kulipia. Linadhani pia kwamba ni nchi tajiri tu zinazoweza kuwatunza wahudumu wao. Swaziland, sasa Eswatini, ilipokuwa na kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya UKIMWI duniani, ndipo chama cha wauguzi wake, kikisaidiwa na wenzao wa kimataifa, kilipofungua mwaka 2006 kituo cha afya kwa ajili ya wahudumu wa afya na familia zao pale Manzini, mahali pa kupimwa na kutibiwa bila kupanga foleni pamoja na wagonjwa wao wenyewe. Umaskini uliwapa sababu ya kuanza mapema. Kenya nayo ina maandishi ya kutosha: sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, miongozo ya Wizara ya Afya ya 2014 kuhusu usalama wa watumishi wa sekta hiyo, ripoti ya jopokazi la afya ya akili ya 2020. Kilichobaki ni mtu wa pili kwenye zamu.

Wengine watasema jamii yenyewe inatosha. Wakipsigis wana kokwet, ujirani unaoshauriana na kusaidiana. Wana makanisa, vyama vya akiba na mkopo, na bonasi ya chai ya mwezi wa Oktoba inayolipa karo pale mshahara unapochelewa. Ni kweli, na bila nguzo hizi vituo vingi vingekuwa vimefungwa zamani. Lakini kokwet haiwezi kumpangia muuguzi ratiba, na kanisa haliwezi kumwambia mwajiri kwamba mtu mmoja asibaki na wodi usiku kucha. Msaada wa jamii unamfikia mtu akiwa amekwisha kuumia. Aidha, muuguzi aliyeletwa Konoin kutoka kaunti nyingine hana kokwet hapa wala majani ya chai. Hali yake inafanana kuliko tunavyopenda kukiri na ya yule mgeni wa zamani aliyeonekana anastahili likizo kwa sababu ya upweke. Kwa sababu hiyo hiyo naziona warsha za siku moja za kudhibiti msongo wa mawazo kuwa na manufaa madogo zikisimama peke yake. Zinamfundisha mtu kupumua vizuri, kisha zinamrudisha kwenye wodi isiyompa nafasi ya kukaa. Ushauri nasaha una kazi yake kubwa baada ya kifo cha mama, baada ya vurugu, baada ya mwenzao kufa. Nao huzaa matunda pale tu panapokuwa na mtu wa kushika zamu wakati mwenzake anazungumza.

Ngazi ile ya zamani sasa imepata kidato kipya chini yake. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia na simu, na posho iliyopangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wengi wao ni wanawake. Wanapanda na kushuka vilima, huku kituo kiko mbali na mvua hainyamazi, wakipima shinikizo la damu, wakifuatilia wajawazito, wakikaa na familia ambayo mtu wake amefia nyumbani. Wengi hurudi jioni kwenye shamba, ng'ombe na watoto. Wanafanya kazi peke yao, wanalipwa chini ya wengine wote, na wanasifiwa kwa kujitolea. Masharti yao yanapojadiliwa Bomet na Nairobi, daftari la dresa wa mwaka 1930 lingefaa liwe mezani, na swali la kuulizwa kabla ya lile la mikoba ni hili: mwanamke huyu atapumzika lini, na siku hiyo nani atapita kwenye nyumba zake.